Mkwawa na Majirani Zake

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Iringa huiona nchi ya Usangu upande wa mkono wake wa kushoto, uwanda mpana wa majani na mito iendayo kuingia Ruaha Mkuu. Kisha njia hupanda, upepo huwa wa baridi, na mbele yake ni Uhehe, nchi ya juu yenye vilima na mawe makubwa. Siku hizi safari hiyo huisha kabla ya jua kuchwa. Miaka mia moja na hamsini iliyopita mtu asingethubutu kuifanya bila mkuki mkononi, kwa maana nchi hizo mbili zilikuwa katika vita, na vita hivyo ndivyo mwanzo wa habari tunazozisoma hapa.

Habari zenyewe ni za Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Jina lake hujulikana kwa watoto wengi wa Tanzania, nao hujua ya kuwa aliwashinda Wajerumani pale Lugalo. Lakini vita vya Lugalo vilikuwa kazi ya muda mfupi wa asubuhi moja. Kazi ya maisha yake ilikuwa nyingine, nayo ilikuwa ngumu zaidi: kulilinda taifa dogo lililokaa karibu na taifa lenye nguvu kulipita mara nyingi. Mkwawa alijaribu karibu kila njia aijuayo mwanadamu. Tutazame ni njia zipi zilizomfaa, na ni wapi alipokosa.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1855 huko Luhota, karibu na mahali ulipo mji wa Iringa leo. Baba yake aliitwa Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga. Kabla ya Munyigumba hapakuwa na taifa moja la Wahehe. Palikuwa na majumbe wengi wadogo, kila mmoja na kilima chake na ng'ombe wake, na jirani yeyote mwenye nguvu aliweza kuwanyang'anya mmoja mmoja. Munyigumba akawaunganisha, wengine kwa ndoa na mapatano, wengine kwa mkuki, hata wakawa watu wa neno moja. Huo ulikuwa ulinzi wa kwanza wa Uhehe, na wenye maana kuliko yote uliofuata.

Na jirani aliyeogopwa siku zile ni nani? Alikuwa Merere, mtawala wa Wasangu. Wasangu walikuwa na ng'ombe wengi, walikuwa na vikosi vya vijana vilivyopangwa vizuri, na waliuza pembe za ndovu kwa wafanya biashara wa pwani. Zamani wao wenyewe walikuwa wamepigwa na Wangoni waliotoka kusini, wakajifunza vita kwa kupigwa. Wahehe nao wakajifunza kwa Wasangu. Walichukua desturi zao za vikosi, na hata maneno waliyoyatumia vitani yalikuwa ya Kisangu. Hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi duniani: mnyonge humtazama sana yule anayempiga, akajua namna ashikavyo mkuki.

Hata mwanafunzi akampita mwalimu. Munyigumba akawapiga Wasangu mara kwa mara, akawaondoa katika uwanda wao. Mwaka wa 1877 Mwingereza mmoja, jina lake Elton, aliyekuwa balozi wa serikali yake huko Msumbiji, alipita nchi hizo akitoka Ziwa Nyasa. Akaufikia mji wa Merere, akaukuta umo vitani, Wahehe wameuzunguka. Baadaye Merere akahamia magharibi, akaingia katika nchi ya Wasafwa, akajenga mji mwingine wenye boma kubwa uitwao Utengule, karibu na mahali ambapo miaka mingi baadaye palianzishwa mji wa Mbeya. Wazee wa Kisafwa hawasimulii habari za ujenzi ule kwa furaha. Wageni hao waliofukuzwa na jirani yao walifika kwao wakawa majirani wakubwa wapya, wakawafanyisha kazi na kuwatoza chakula. Shika neno hili, msomaji, maana tutamwona Merere tena.

Munyigumba akafa mwaka wa 1879, na umoja alioujenga nusura ufe pamoja naye. Mwambambe, mtu hodari vitani ambaye Munyigumba alimwoza binti yake, akaunyakua utawala. Mkwawa, kijana bado, akakimbilia Ugogo. Ni vema kukumbuka ya kuwa mtu huyu tunayemwita simba wa Uhehe alianza kwa kuwa mkimbizi, akila chakula cha watu wengine. Akarudi pamoja na wale waliomwamini, wakapigana na Mwambambe vita vibaya sana, hata mahali pale pakaitwa Ilundamatwe, maana yake mahali palipolundikwa vichwa. Mwambambe akakimbia, akarudi tena na watu wenye bunduki kutoka Ukimbu, akauawa. Basi utawala ukawa wa Mkwawa peke yake. Jina lake kamili lilikuwa Mkwavinyika, nalo ni sifa ya mtu ashindaye nchi.

Kulikuwa na jirani mwingine upande wa kusini, nao ni Wangoni. Munyigumba alikuwa amepigana nao mwaka wa 1878, nao wakarudi tena siku za Mkwawa, wakapigana mpaka mwaka wa 1882. Watu wengi walikufa pande zote mbili, wala hapana aliyeweza kumshinda mwenzake kabisa. Ndipo wakaachana. Kila mmoja alikuwa ameona hasara atakayoipata akiingia tena nchi ya mwenziwe, na hesabu hiyo iliwatosha. Wahehe na Wangoni wakakaa hivyo miaka mingi, hawapendani wala hawapigani. Mkwawa alipata fundisho hapo. Aliamini ya kuwa jirani mwenye nguvu hukaa kwake ukimwonyesha mara moja, kwa nguvu, bei ya kuja kwako. Fundisho hilo lilikuwa la kweli kwa Wangoni.

Akaitengeneza nchi yake kwa namna hiyo. Akaweka wakuu wake kila wilaya, na kila mkuu alijua idadi ya watu wake wawezao kushika ngao. Vijana walilelewa vitani. Wapelelezi walitembea mbali nje ya mipaka, na habari za msafara unaokuja zilimfikia Mkwawa siku nyingi kabla ya msafara wenyewe. Hukumu yake ilikuwa kali, na wengi walimwogopa hata ndani ya nchi yake. Hilo nalo wazee hawalifichi. Mwishoni mwa miaka ya 1880 akaanza kujenga boma pale Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, akaliita Lipuli, yaani tembo. Kuta zake zilikuwa za mawe na udongo, zimepita kimo cha mtu mrefu kwa mbali, na mzunguko wake ulikuwa mkubwa mno hata ng'ombe na nyumba nyingi ziliingia ndani. Yasemekana hapakuwa na boma lililolingana nalo katika nchi zote za huku juu.

Wakati kuta hizo zilipokuwa zikipanda, jirani wa namna nyingine alikuwa amekwisha kufika pwani. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walianza kuandikiana mikataba na majumbe mwaka wa 1884. Mwaka wa 1888 watu wa pwani wakaondoka pamoja na Abushiri kuwapinga, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka wa 1889. Mwaka wa 1890 Wadachi na Waingereza wakapatana mipaka yao huko Ulaya, na Uhehe ikahesabiwa nchi ya Wadachi. Mkwawa hakuulizwa. Siku ile ilipoandikwa karatasi ile, huenda alikuwa akitazama mawe yakipangwa Kalenga.

Ugomvi ulianza kwa ajili ya njia. Misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa mpaka Tabora, na Wahehe waliishambulia au kuitoza hongo, kama watawala wengi walivyofanya siku zile. Kwa Mkwawa ilikuwa haki ya mwenye nchi na mwenye nguvu. Kwa Wadachi ilikuwa unyang'anyi, na tena ilikuwa aibu mbele ya watu waliowaambia kwamba wao ndio watawala.

Mwaka wa 1891 wakamtuma Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimpa jina la Nyundo. Alikuja na Wadachi wenzake wapatao kumi na watatu, askari weusi zaidi ya mia tatu, wapagazi, mizinga, na zile bunduki zipigazo mfululizo zilizoitwa bombom. Akachoma vijiji njiani. Wahehe husimulia ya kuwa Mkwawa alituma wajumbe kusema naye, nao wakapigwa risasi. Nyundo hakuamini ya kuwa watu wenye mikuki waweza kumdhuru, na kwa hiyo alikwenda kama mtu aendaye sokoni, askari wake wamefuatana katika mstari mrefu mwembamba, bila wapelelezi mbele.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti mwaka wa 1891 walifika Lugalo, mahali penye mawe na vichaka, karibu na ilipo leo barabara iendayo Iringa kutoka Dar es Salaam. Wahehe yapata elfu tatu walikuwa wamelala majanini, bunduki zao chache, mikuki yao mingi. Yasemekana Mdachi mmoja alimpiga ndege risasi, na mlio ule wakaudhania kuwa ndio ishara yao. Wakaondoka wote kwa pamoja. Mizinga ilikuwa bado juu ya punda, na askari wengi hawakuwahi kupiga ila risasi moja au mbili kabla ya mikuki kuwafikia. Nyundo akafa, na Wadachi wengine tisa, na askari wapatao mia mbili na zaidi. Waliobaki, ambao walikuwa nyuma ya msafara, wakashika kilima, kisha wakarudi polepole pwani. Mkwawa akapata mizinga na mamia ya bunduki mpya.

Habari hizo zilishangaza watu mpaka Ulaya, na zingali zikikumbukwa: kambi kubwa ya jeshi huko Dar es Salaam huitwa Lugalo. Lakini ushindi haukuwa bure. Wahehe wengi waliuawa, na wengine wengi wakafa baadaye kwa majeraha, na taifa dogo haliwezi kuzaa vijana upesi kama lifanyavyo taifa kubwa kuajiri askari.

Basi Mkwawa alifanya nini na ushindi wake? Hapa ndipo penye neno la kufikiri. Mbali sana kusini, katika milima ya Wasotho, alikuwako mfalme aitwaye Moshoeshoe. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1852 jeshi la Waingereza, chini ya jemadari Cathcart, lilikuja kumnyang'anya ng'ombe, na Wasotho wakalirudisha nyuma. Usiku ule ule Moshoeshoe akamwandikia jemadari barua ya unyenyekevu kumwomba amani, kana kwamba yeye ndiye aliyepigwa. Jemadari, ambaye hakutaka kupigana tena, akafurahi kupata njia ya kuondoka bila aibu, akaenda zake. Nchi ya Moshoeshoe iko hata leo, nayo ni Lesotho.

Mkwawa hakufuata njia hiyo. Mwaka wa 1892 watu wake wakaishambulia boma ndogo ya Wadachi huko Kondoa karibu na Kilosa, wakawaua waliokuwamo. Alikuwa akitumia lile fundisho la Wangoni: mwonyeshe jirani bei, naye atakaa kwake. Kwa muda ilionekana kama kwamba fundisho ni la kweli, maana Wadachi hawakuja Kalenga miaka mitatu. Lakini Wadachi hawakuwa Wangoni. Mngoni aliyempoteza mwanawe Uhehe alilia nyumbani kwake, na mtawala wake akamsikia. Askari waliokufa Lugalo walikuwa watu wa mbali waliolipwa mshahara, wengine Wasudani, wengine Wazulu, na mahali pao wakaandikwa wengine. Hasara haikumfika yule aliyetoa amri. Tena serikali iliyoshindwa mbele ya mataifa mengine ya Ulaya haikuweza kuiacha aibu ile ikae.

Hata hivyo haifai kumhukumu kwa haraka. Moshoeshoe alikuwa na wamisionari Wafaransa walioweza kumwandikia barua, na pembeni yake walikuwapo Makaburu na Waingereza, ambao hawakupatana, akaweza kumtegemea mmoja dhidi ya mwingine. Mkwawa hakuwa na Mzungu wa pili. Karatasi ya mwaka wa 1890 ilikuwa imemwachia mmoja tu.

Kwa hiyo akatafuta marafiki kwa watu weusi wenzake. Alituma watu kwa Chabruma, mtawala wa Wangoni, na kwa Isike wa Unyanyembe kule Tabora, kutaka wawe shauri moja juu ya Wadachi. Wazo hilo lilikuwa kubwa kuliko boma la Kalenga. Wangalijiunga watatu hao, Wadachi wasingalipata wapagazi, wala chakula, wala njia salama toka pwani mpaka maziwa. Lakini wajumbe walirudi mikono mitupu. Wangoni walikumbuka vita vya juzi, na Isike alikuwa na vita vyake mwenyewe. Mwezi wa Januari mwaka wa 1893 Wadachi wakaivunja ngome ya Isike, naye akajilipua kwa baruti asikamatwe. Aliyeongoza askari siku hiyo alikuwa Tom von Prince, ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani. Jina hilo lilikuwa linakuja Uhehe.

Na majirani walio karibu zaidi? Fikiri ulivyoonekana uso wa Mkwawa kutoka Utengule kwa Merere. Kwa Wasangu Mkwawa hakuwa mlinzi wa nchi juu ya wageni. Alikuwa mwana wa mtu aliyewafukuza kwao, naye mwenyewe aliendelea kuwapiga. Fikiri pia Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero, ambaye watu wake walijua sana rangi ya ngao za Wahehe. Wadachi walipokuja, watu hao hawakuona taifa kubwa likija kulimeza dogo. Waliona jirani wa mbali akija kumpiga jirani wa karibu, wakafungua milango. Merere akawa rafiki wa Wadachi. Mzee alipofariki, mwanawe aliyeitwa Merere vilevile akaushika urafiki huo. Nao walitumaini jambo moja tu, kurudi Usangu.

Mimi nadhani hapo ndipo ukuta wa Kalenga ulipopasuka, miaka mingi kabla mzinga wowote haujaupiga.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1894 gavana von Schele mwenyewe akapanda na jeshi kubwa, pamoja na von Prince. Tarehe 28 wakapiga kambi mbele ya boma, wakaanza kulipiga kwa mizinga. Boma lile lilijengwa kuzuia mikuki ya Wasangu na Wangoni. Nalo lilikuwa refu mno kulindwa kila mahali kwa wakati mmoja. Alfajiri ya tarehe 30 askari wakapanda ukuta, wakapigana nyumba kwa nyumba, na baada ya saa chache Kalenga ikaanguka. Ndani yake walikuta baruti nyingi na pembe nyingi za ndovu. Mkwawa hawakumkuta. Siku chache baadaye, gavana alipokuwa akirudi, Wahehe wakamrukia njiani kama walivyomrukia Nyundo, lakini safari hii askari walikuwa macho.

Tangu siku hiyo Mkwawa alikuwa mtawala asiye na mji. Mwaka wa 1895 palikuwa na mazungumzo ya amani, na wajumbe wake walipokea masharti, ila yeye mwenyewe hakukubali kuja mbele ya Wadachi. Huenda alikumbuka waliofanyiwa wajumbe wake kabla ya Lugalo. Huenda alijua ya kuwa mtawala anayekwenda bomani kwa miguu yake hatoki tena mtawala. Mapatano yakafa.

Mwaka wa 1896 von Prince akaja kukaa, akajenga boma la serikali mahali pa mji wa Iringa wa leo. Kisha akaigawa nchi. Sehemu ya upande wa Usangu akapewa Merere, na Wasangu wakaanza kurudi katika uwanda wao wa zamani. Wapiganaji wao wakatoka pamoja na askari wa serikali kumtafuta Mkwawa vichakani. Upande wa Wahehe akawekwa Mpangile, ndugu yake Mkwawa mwenyewe, mwezi wa Desemba. Hakutawala hata miezi mitatu. Mwezi wa Februari mwaka wa 1897 wakamshitaki ya kuwa anamsaidia nduguye kwa siri, wakamnyonga.

Ndipo Mkwawa akatumia ulinzi wa mwisho alio nao mnyonge, nao ni watu wake. Miaka miwili akatembea katika milima na mapori ya Uhehe, leo hapa, kesho kule, akiishambulia misafara midogo. Serikali ikaahidi rupia 5,000 kwa mtu atakayekileta kichwa chake. Pima fedha hiyo kwa mtu wa kijijini wa siku zile: angaliweza kununua ng'ombe wa kuwafaa yeye na wajukuu wake. Hakutokea mtu wa kuichukua. Usiku chakula kiliwekwa mahali ambapo mtu apitaye angekiona, na asubuhi kilikuwa hakipo, na mwenye nyumba hakujua lolote. Wadachi walipotambua hayo wakazichoma nyumba na kuziharibu shamba za waliomlisha. Watu wengi wakafa kwa njaa, wengine wakahamishwa. Huo ndio upande wa habari hizi usioimbwa ngomani. Aliyewapenda watu wake alikuwa akilishwa nao, na kila aliyemlisha alilipa kwa shamba lake.

Mwisho alibaki na watu wachache, kisha na vijana wawili tu, naye alikuwa mgonjwa, akitema damu. Tarehe 19 Julai mwaka wa 1898 Mdachi mmoja aitwaye Merkl, aliyekuwa akifuata nyayo zake pamoja na askari, alimkamata mmoja wa vijana wale, akamlazimisha kuonyesha njia. Wakafika Mlambalasi, mahali penye mwamba mkubwa. Wakaona watu wawili wamelala karibu na moto. Wakapiga risasi kutoka mbali, lakini hapana aliyesogea. Walipokaribia wakakuta wamekwisha kufa. Mkwawa alikuwa amempiga mwenzake risasi, kisha akajipiga mwenyewe, asishikwe hai.

Kichwa chake kikakatwa, kikachukuliwa na Wadachi. Jambo hilo liliwauma Wahehe kuliko kuanguka kwa Kalenga. Vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, mwaka wa 1919, mataifa yaliandika mkataba wa amani huko Versailles, na kifungu cha 246 kiliamuru Ujerumani kukirudisha kichwa cha Mkwawa kwa muda wa miezi sita. Hakikurudi. Miaka ikapita, vita vikuu vingine vikaja vikaisha. Mwaka wa 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akaenda Bremen katika nyumba ya makumbusho iliyokuwa na mafuvu mengi yaliyotoka Afrika. Alikuwa amepima vichwa vya jamaa za Mkwawa, akatafuta fuvu la vipimo vilivyofanana navyo. Likapatikana moja lenye tundu la risasi. Mwaka wa 1954 akalikabidhi Kalenga mbele ya watu wengi, na aliyelipokea ni Chifu Adam Sapi, mjukuu wake Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi.

Fuvu hilo limewekwa katika nyumba ndogo ya makumbusho pale Kalenga, ndani ya kioo. Mwili umezikwa Mlambalasi. Kati ya kichwa na mwili ni zaidi ya mwendo wa siku nzima kwa miguu. Na huko Usangu, ng'ombe na mashamba ya mpunga vimeenea katika uwanda uleule ambao Merere aliurudia nyuma ya askari wa Kidachi. Lakini hakuutawala tena kama babu zake walivyoutawala, kwa maana bendera iliyopepea juu yake ilikuwa ileile iliyopepea Iringa.